Bwana Shamba Alivyotuchagulia Mtungi

Bwana Shamba wetu alivuta sigara miaka yote niliyomjua, na miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki kiberiti. Sigara alinunua mwenyewe, hapo sitamsingizia. Moto ndio aliokuwa akiomba. Akishikwa na hamu alitoka kwake, akavuka njia, akapiga hodi kwangu au kwa jirani mwingine, akainama jikoni kuwasha kwenye kijinga cha moto, kisha akavuta kigoda na kukaa mpaka sigara imalizike. Mke wangu alisema ni ubahili. Mimi nilisema ni umbea, kwa sababu sigara moja ilimtosha kujua nani kagombana na nani kuanzia kanisani hadi stendi ya Mbinga.

"Mtu mwenye kiberiti mfukoni ni mtu wa hatari," alijitetea. "Mimi sitaki kuwa wa hatari, Mwalimu."

Alikozaliwa na ukoo wake wanavijua wenyewe. Mimi nilimkuta Mbinga tayari ana kofia yake ya kitambaa na baiskeli isiyo na kengele, ameletwa kuwafundisha watu kutunza kahawa. Kahawa aliifundisha, lakini adui yake hasa hakuwa mdudu wala chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni. Adui yake alikuwa moto. Wamatengo, wenyeji wa pale, aliwapenda mno kwa sababu katika ngolo zao, yale mashimo wanayoyapanga mteremkoni kushika maji, nyasi hazichomwi. Zinafyekwa, zinalazwa, zinafukiwa kwa udongo. Aliwasifia kwa jambo hilo kila mkutano, hadi wazee wakaanza kuinamisha vichwa kwa aibu, maana kwao ilikuwa ni kulima tu.

Kule Kitura mtu mmoja aliwasha kilima kizima ili kufukuza panya watoke. Bwana Shamba alifika majivu yakiwa bado yana joto. Hakufoka. Alikaa juu ya majivu na suruali yake ya ofisini, akasema hainuki mpaka mwenye kilima naye akae, waangalie pamoja walichofanya. Yule bwana alikaa. Wakaangalia. Baada ya muda mke wa yule bwana, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa amekaa kwenye majivu, akaleta panya waliokaushwa vizuri pamoja na ugali. Bwana Shamba akanawa, akala.

"Panya hawana hatia," alinieleza baadaye.

Ndivyo alivyokuwa. Ukidhani umemshika upande mmoja, anachomoka upande wa pili. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, na mkewe alikuwa Mwanglikana kutoka ziwani, upande wa Mbamba Bay. Jumapili walitoka pamoja wameshikana mikono, wakaachana njia panda, na mchana walibishana juu ya mahubiri ya nani yalikuwa marefu kuliko ya mwenzake. Aliyeshindwa alikaanga usipa, wale dagaa wa ziwani.

Halafu kulikuwa na salamu zake. Bwana Shamba hakusalimia watu kwa jumla. Alimsalimia kila mtu peke yake, akauliza mke, akauliza watoto, akauliza yule mbuzi aliyekuwa akichechemea. Huko Matiri aliitisha mkutano wa kunyunyizia dawa, akaanza kuzunguka akishika mikono, na alipomfikia mtu wa mwisho, wa kwanza walikuwa wamesharudi nyumbani kupika. Ilibidi aanze kuwafuata majumbani, na kila nyumba ilidai salamu upya.

Lakini ukimpata akifundisha kunyunyizia dawa, hapo ungemvulia kofia. Alibeba bomba la dawa mgongoni, mkono wa kushoto ukipampu, wa kulia ukiongoza fimbo, na mrututu, ile dawa ya buluu, ukimpaka hadi masikioni. Watu wote hupenda kunyunyizia juu ya majani, kwa sababu ndiko kunakoonekana. Yeye alipiga magoti na kuielekeza nozeli chini ya jani. Pale Mpepai alimnyang'anya bomba diwani aliyekuwa akinyunyizia juu juu ili apigwe picha.

"Ugonjwa haukai sebuleni," alimwambia. "Unakaa uvunguni. Inama."

Diwani akainama, na hiyo ndiyo picha iliyopigwa.

Sasa ikaja miaka ya ruksa. Kahawa iliyokuwa ikinunuliwa na mlango mmoja ikafunguliwa milango mingi, na wanunuzi binafsi wakamiminika na mizani zao. Mmoja wao alikuwa kijana wa hapa hapa, tumwite Mnunuzi, kwa kuwa ndivyo alivyotaka kuitwa. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuahidi, na msimu ulipomnyookea wengine walitegemea atajenga nyumba au ataongeza mke. Yeye alishuka kutoka Dar es Salaam na gari la mbio. Halikuwa na viti vya nyuma. Ndani lilijaa vyuma vya kinga, na lilinguruma hata likiwa limesimama. Kulikuwa na mbio zimepangwa kutoka Mbinga hadi ziwani, na yeye aliapa kufika Mbamba Bay kabla ya mtu yeyote.

Dereva wa mbio anahitaji mtu wa kukaa pembeni na kumsomea njia. Mnunuzi alinichagua mimi, eti kwa sababu nasoma kwa sauti na simezi herufi. Nilikubali haraka. Nilikuwa nimefundisha darasa lile lile miaka mingi, na nilitamani mtu mmoja anisikilize hata kama ni kwa kuogopa kufa.

Mke wangu aliuliza jambo moja tu. "Likiwaka, utatokaje?"

Nikaenda kusahihisha madaftari. Jioni ile ile Bwana Shamba alikuja kuomba moto, akalisikia swali lile, likaondoka naye. Asubuhi yake alikuwa uwanjani kwa Mnunuzi amelala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Petroli inapita hapa juu ya bomba la moshi," sauti ilitoka chini. "Nani kaiweka hivi? Anawachukia?"

Wakaguzi wa mbio walikuwa na sharti. Mtungi mdogo wa mkononi wa kuzimia moto hautoshi. Lazima gari liwe na mtungi uliofungwa humo humo, wenye mabomba ya kupeleka dawa kwenye injini na kwenye viti, na vishikio viwili vya kuufyatulia: kimoja ndani, kingine nje, ili kama walio ndani wamezimia, mpita njia aweze kuvuta. Mnunuzi aliliona sharti hili ni kodi nyingine tu. Alitaka mtungi mkubwa, mwekundu, unaong'aa, atakaopiga nao picha.

"Hununui nyanya," Bwana Shamba alimwambia. "Usichague kwa rangi."

Muuzaji mmoja wa Songea alileta aina tatu: wa unga, wa gesi na wa povu. Bwana Shamba hakutaka kusikia maelezo yake. Aliifunga mitungi yote nyuma ya lori la Mnunuzi, akaamuru iende Matiri na kurudi kwa ile njia mbovu, muuzaji akiwa humo humo. Iliporudi, muuzaji na mitungi yake walikuwa wamechoka sawasawa.

Jaribio lilifanyika uwanja wa mpira baada ya misa, na kwaya nzima ilikuwepo. Mnunuzi na mimi tukafungwa mikanda ndani ya gari, kofia ngumu kichwani. Kwanza unga. Muuzaji alivuta, mtungi ukakohoa, ukanyamaza. Unga ulikuwa umeshindiliana chini kwa mitikisiko. Bwana Shamba akaupiga teke, na hapo ukatoka wote kwa mkupuo. Sikuona usukani, sikuona Mnunuzi, sikuona mkono wangu mwenyewe.

"Mwalimu!" aliita kutoka nje. "Mlango uko wapi?"

"Mlango gani?" nilikohoa. "Hata nchi siioni!"

"Basi huo umekufa. Lete mwingine."

Tulitoka weupe kuanzia nywele hadi viatu, na akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele wakituita bwana harusi na mpambe wake. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sikufurahi.

Kwa gesi na povu ilitakiwa moto wa kweli. Bwana Shamba aliweka boneti kuukuu juu ya karai la petroli, kisha, kama kawaida yake, akaanza kuzunguka akiomba moto. Alipewa na mtunza sakristia, kwa mshumaa. Gesi ilifyatuka safi, haina harufu, haichafui, na Mnunuzi akaipenda palepale. Moto ulizimika. Tukapiga makofi. Upepo ukavuma kidogo kutoka mlimani, gesi ikaenda zake, na karai likawaka tena.

"Umeona?" Bwana Shamba alisema. "Inazima, halafu inaaga. Chuma bado kina hasira."

Povu lilikuwa zito, linanuka sabuni, na lilitapakaa kila mahali. Lakini lilikaa. Liling'ang'ania chuma mpaka kikapoa, na moto haukurudi. Tulipolijaribu ndani ya gari niliuona mlango vizuri na nikatoka kwa miguu yangu, ingawa viatu vilipiga kelele ya ajabu. Mnunuzi alilalamika kwamba mtungi wa povu una uzito, utampunguzia mwendo.

"Punguza tumbo," alijibiwa, na uchaguzi ukawa umekwisha.

Aliufunga mwenyewe kwa mikanda ya chuma. Nozeli ya injini hakuiweka juu, aliilaza chini ya kabureta, akisema moto nao unapenda uvunguni. Kilichomshughulisha zaidi kilikuwa kishikio cha nje. Alikipaka rangi nyekundu, akakiweka mbele ya kioo, akaulegeza waya wake, akajaribu, akaulegeza tena.

"Mbona mwepesi hivi?" nilimuuliza. "Hata mtoto atauvuta."

"Ndiyo. Atakayewaokoa ninyi hatakuwa fundi. Atakuwa bibi anayetoka shamba, mikono imechoka na jembe. Lazima aweze."

Siku moja kabla ya mbio akaja kuwasha sigara, akatuaga. Anashuka ziwani, alisema, kuwasalimia wakwe. Niliumia, sifichi. Mtu kahangaika na gari wiki zote zile, halafu siku yenyewe anakwenda kula samaki! Nilimwona ameondoka juu ya lori la mahindi, amelipakata bomba lake la kahawa, nikajiambia kwamba huyu mzee sasa amechanganyikiwa.

Mwanzoni mwa mbio mkaguzi alichomoa pini za usalama za mtungi, kama sheria ilivyotaka, na tukaondoka. Nilisoma njia kwa sauti ambayo darasa langu halijawahi kuisikia. Tulikwenda vizuri hadi kijiji cha mwisho kabla ya mteremko wa kushukia ziwani, ambako magari yote yalisimamishwa kugongewa muhuri. Watu walitujaa. Wengi walikuwa wakulima wanaomuuzia Mnunuzi kahawa, na miongoni mwao bibi mmoja alipenya akiwa na tetea mnene.

"Mwanangu, huyu ni wa kwako. Umle ukifika."

Tulikuwa tumefungwa mikanda, hatuwezi kugeuka, na kuku hana pa kukaa. Lakini nani angekataa? Siku zile wanunuzi walikuwa wengi, na ukikataa kuku wa bibi, msimu unaofuata kahawa yake inapanda lori la mwingine. Mnunuzi akapokea kwa mikono miwili kupitia dirishani, akashukuru, akamrudishia bibi amtafutie nafasi.

"Nimemfunga hapo mbele," bibi alisema kwa furaha. "Gari lako zuri, lina hadi mahali pa kufungia kuku."

Bendera ilishuka, tukaondoka kwa kishindo. Kuku alipiga mbawa mara moja. Nilisikia waya ukiteleza, halafu povu likajaa miguuni, likapanda kifuani, likafunika injini na tumaini letu lote. Tulisimama. Mtungi wa Bwana Shamba ulikuwa umefanya kazi bila dosari, na sasa ulikuwa mtupu.

"Turudi," nilisema.

"Wenzetu wako nyuma yetu." Mnunuzi alikuwa akifuta kioo kwa kiwiko. "Na moto utajuaje kama mtungi ni mtupu?"

Moto ulijua. Injini ilikohoa povu, ikashika tena, tukashuka kona kwa kona, breki zikinuka, na katikati ya mteremko nikasikia harufu ya petroli, kisha ndimi zikachungulia pembeni mwa boneti. Mnunuzi aliligonga gari ukutani mwa mlima ili lisimame, akafungua mlango wake, akatoka mbio na kutumbukia kwenye ngolo ya mtu. Upande wangu ulikuwa umebanwa na mlima. Kifungo cha mkanda kilikuwa kimejaa povu, vidole vinateleza tu. Nilivuta kishikio cha ndani, nikijua kabisa hakina kitu. Nikamuwaza mke wangu na lile swali lake.

Ndipo kwenye moshi akatokea mtu mwenye kofia ya kitambaa na bomba la kahawa mgongoni, mkono wa kushoto ukipampu.

Binadamu ni kiumbe wa ajabu. Nilikuwa nikiungua, na kitu kilichonitoka mdomoni ni, "Shikamoo!"

"Marahaba, fungua mkanda!"

Ni salamu fupi kuliko zote alizowahi kutoa maishani mwake. Alipiga magoti barabarani na kuelekeza fimbo chini, uvunguni, mahali petroli ilipokuwa ikidondoka, wala hakuzihangaikia ndimi za juu. Maji ya sabuni yaliruka na mabaki ya mrututu. Ndimi ziliinama, zikarudi, zikainama tena. Kisha akaingia kwa mlango wa dereva, akakata mkanda kwa kisu cha kupogolea, akanitoa kwa kola ya ovaroli.

Tulikaa kando ya njia. Nilikuwa wa buluu upande mmoja na mweusi upande wa pili. Alitoa sigara, ikawa imelowa, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nilitaka kumshukuru lakini kifua kilijaa moshi. Yeye akavuta pumzi.

"Haya. Habari za nyumbani, Mwalimu?"

"Nzuri."

"Mama hajambo? Watoto?"

Tukasalimiana salamu kamili, moja baada ya nyingine, hadi kwa mbuzi, huku magari ya wenzetu yakitupita yakipiga honi. Mnunuzi alipotoka shimoni alimkuta yule kuku juu ya tuta, mkia umeungua kidogo, mguuni anaburuta kishikio chekundu. Bwana Shamba alimfungua, akamtia kwapani, akaondoka naye. Hakuna aliyebisha.

Mjini Mnunuzi alitangaza kwamba mtungi ndio uliotuokoa, akautundika ofisini kwake. Bwana Shamba hakumkanusha. Watu walipomuuliza, alisema mtungi ulikuwa mzuri sana, ulimzima kuku kabla hajawaka.

Miaka ikapita. Serikali ikapunguza watumishi wake na yeye akapunguzwa pamoja nao, akahamia kwa wakweze kando ya ziwa. Mnunuzi aliuza gari, kisha mizani. Nami nilipostaafu nikapanda lori siku moja kushuka kumtazama mzee, na pale kwenye ile kona nilifumba macho.

Nilimkuta uani, amekonda, kofia ni ile ile, kuku wamemzunguka. Salamu zilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Kisha akatoa sigara.

"Una moto?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimletea kiberiti kipya kama zawadi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliwasha, akanirudishia.

"Kaa nacho. Nikiwa na moto wangu, nitakwenda kwa majirani kufanya nini?"

Hapo nikajua kwamba mke wangu na mimi, wote wawili, tulikosea miaka yote ile. Nikapata ujasiri wa kumuuliza nililobaki nalo.

"Mzee, ule mtungi uliuchagua mwenyewe, ukauhangaikia. Sasa kwa nini ulikwenda kusimama kwenye kona na bomba? Hukuuamini?"

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba na mimi nilikuwa nikinyunyizia juu ya majani kama yule diwani.

"Mtungi niliuamini kabisa. Ninyi ndio sikuwaamini. Mwalimu na mnunuzi wa kahawa, mnapita vijijini na gari zuri? Nilijua mtapewa kuku. Na nilijua hamtakataa."

Tulicheka mpaka akakohoa. Nilimwambia asante, wakati huu kifua hakina moshi, na machozi yalinitoka. Alitazama pembeni ili nisione aibu. Nilipoinuka kuaga, alimkamata kuku mweusi, mjukuu wa yule tetea, mwenye mkia mzima, akanipa.

"Usimfunge popote," alisema.

Sikumwona tena baada ya hapo. Kwenye lori utingo aliniambia kuku wanafungwa juu, kwenye chuma. Nikakataa. Nilimpakata mapajani mlima wote hadi Mbinga, akaninyea suruali, nami sikumwachia.